Gari Lasita, Lawama Zatangulia

Wasomaji wapenzi wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikizungumza juu ya vina na mizani, maulidi, ngoma za harusi na milango ya Mji wa Kale. Leo nawaomba radhi, kwani nitawafungulia boneti. Atakayeniuliza gari na utamaduni vina uhusiano gani, nitamjibu kuwa ufundi wa mkono ni utamaduni vile vile. Aundaye jahazi twamwita fundi, achongaye mlango twamwita fundi, ashonaye kofia ya viua naye ni fundi. Basi na yule alalaye chini ya gari, mchanga ukimwingia shingoni, twamwita kwa jina hilo hilo. Tena hadithi yenyewe si ya chuma peke yake. Ni hadithi ya ulimi wangu, na madhara uliyomfanyia mtu asiye na kosa.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 230E la mwaka 1983, rangi ya maziwa, nililoachiwa na marehemu ami yangu. Aina hiyo wajuzi huiita kwa namba yake ya kiwandani, W123. Ilianza kutoka Ujerumani mwaka 1976, ikakoma mwanzoni mwa 1986, na jumla yalitengenezwa magari karibu milioni 2.7. Hii yenye injini ya 230E ilikuja mwaka 1980: silinda nne, lita 2.3, nguvu za farasi 136. Ile herufi E ina maana kuwa gari halina kabureta. Petroli hupulizwa kwa nozeli, nozeli moja kwa kila silinda. Marehemu alilitunza kama mboni ya jicho, nami nikaahidi mbele ya watoto wake kuwa nitalitunza vivyo hivyo.

KUSITA KWENYE FERI

Jioni moja nilikuwa natoka katika feri upande wa Likoni. Anayeijua saa hiyo anaijua: watu wengi ajabu, wenye mikokoteni, wenye vikapu vya samaki, watoto wa chuo wamekumbatia misahafu yao. Mwongozaji wa magari akanipungia mkono nipande. Nikakanyaga mafuta. Gari likanyamaza.

Halikuzimika. Lilisita tu, kama msomaji wa kasida aliyepotewa na mstari, kiasi cha kuhesabu moja, mbili. Kisha nguvu zote zikaja kwa pamoja, likaruka mbele. Mama mmoja aliyekuwa anavuka alimvuta mwanawe kwa mkono, nami nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Baina ya taa ya gari na kile kitoto haukubaki hata urefu wa mkono. Yule mama hakunitukana. Alinitazama tu, na mtazamo ule ulinikaa moyoni kuliko matusi.

Nilifika nyumbani nikitetemeka. Ugonjwa ule haukuwa mgeni. Ulikuwa umeanza wiki kadhaa nyuma, kidogo kidogo: kwenye mzunguko wa Makupa, kwenye taa za Buxton, kila ninapotaka kuondoka kwa haraka. Nami nilikuwa nimekwisha kumpata mwenye kosa, au ndivyo nilivyodhani.

Miezi miwili kabla yake, pampu ya petroli ilikufa, na kijana mmoja fundi wa mtaani kwetu alinifungia nyingine. Wiki tatu baadaye gari likaanza kusita. Hesabu yangu ikawa nyepesi: pampu mpya, maradhi mapya, basi pampu ni ya bandia na kijana ni mwizi. Nilinunua plagi mpya, gari likasita. Nilinunua chujio jipya la petroli, likasita. Kila nilipotoa pesa, hasira yangu kwa yule kijana ilizidi, kama kwamba kila shilingi ni yeye aliyeichukua.

Laiti ningalinyamaza. Usiku wa siku ile ya Likoni nilikwenda barazani kwa kahawa, na mbele ya watu wazima na vijana nikasema, kwa maneno haya haya: "Yule amenitilia pampu ya bandia, na leo nusura niue mtoto." Mji wetu mnaujua. Neno likitoka barazani baada ya isha, alfajiri limekwishafika Kisauni. Haikupita wiki mbili, karakana ya kijana ikawa kimya. Alikuja kwangu mara moja, akasimama mlangoni, akanambia kwa adabu, "Ami, niletee gari nilitazame. Ikiwa kosa ni langu nitalilipa." Nikamjibu kuwa amekwisha kulitazama vya kutosha.

MASWALI KABLA YA SPANA

Mke wangu ndiye aliyenambia niende kwa mzee mmoja wa Majengo, fundi aliyeshika spana tangu kabla sijaanza alifu. Siku hizi hafanyi kazi ya karakana. Hukaa chini ya mwarobaini uani kwake, na wanaomjua humpelekea magari ya zamani, kama wagonjwa wanavyopelekwa kwa tabibu aliyestaafu.

Nilipomwamkia nikaanza kumweleza habari za pampu. Akaniinulia mkono. "Maalim, usinipe hukumu. Nipe habari. Linasita likiwa baridi au likiwa moto?"

"Hali zote mbili."

"Asubuhi huwaka upesi?"

"Mara moja tu."

"Ukilizima likiwa moto, ukaliwasha baada ya robo saa?"

"Huwaka."

"Ukiwa njia ya Mariakani, unapanda mlima kwa mwendo mmoja, mguu umetua, nguvu zinapungua?"

Nikafikiri. "La, hazipungui."

"Basi husita lini?"

"Ninapokanyaga mafuta kwa ghafla. Wakati ule tu."

Akatabasamu. "Basi pampu yako ni nzima, nami sijaiona bado."

Nilishtuka, nikamtaka anifahamishe. Akasema kila swali lilikuwa mlango, na kila jibu limefunga mlango mmoja. Gari likisita asubuhi tu likiwa baridi, yeye huitazama kwanza regyuleta ya kupashia moto, ile inayoamua injini baridi ipewe petroli kiasi gani zaidi. Likikataa kuwaka baada ya kusimama likiwa moto, hukitazama kile kikopo cha kuhifadhi presha kilichoko nyuma karibu na pampu. Likikosa nguvu mlimani kwa muda mrefu, hapo ndipo pampu na chujio hutiliwa shaka, kwa sababu injini inataka petroli nyingi na haifiki. Lakini gari lenye nguvu mlimani, linalosita mguu unapokanyaga tu, lina neno jingine.

MPISHI NA MLANGO WA NYUMA

Hapa, msomaji mpenzi, inafaa tuujue mtambo wenyewe. Unaitwa K-Jetronic, kazi ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani, na ulianza kuonekana katika magari mwaka 1973. Ile K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa sababu injini inapofanya kazi nozeli zake hupuliza petroli bila ya kukatiza. Hauna kompyuta ya kupima petroli. Kazi hiyo hufanywa na hewa, chuma na presha.

Mzee alinifahamisha kwa mfano ambao sitausahau. "Chukulia harusi," alisema. "Mlangoni amekaa mtu anahesabu wageni. Kila wakiingia kumi, anampigia mpishi ukelele: kumi! Mpishi anapakua pilau ya watu kumi. Wageni ndio hewa. Pilau ndiyo petroli. Mtu wa mlangoni ni hii sahani."

Akanionyesha. Chini ya chujio la hewa pana sahani ya chuma ya mviringo, imeshikwa na mkono mfano wa mizani. Injini inapovuta hewa, sahani husogea. Hewa ikiwa nyingi husogea sana, ikiwa chache husogea kidogo. Mkono wake husukuma kijiti cha chuma kilicholainishwa mno, nacho hufungua vitundu vyembamba vya kupitishia petroli kwenda kwenye nozeli. Hivyo kila kiasi cha hewa hupata petroli yake. Kwa uzani, kipimo cha kuungua sawasawa ni hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu moja.

"Sasa," akaendelea, "pakiwa na mlango wa nyuma, wageni ishirini wakapenya bila ya kuhesabiwa, mpishi atapika ya nani? Watu watakaa, sahani zitakuwa tupu. Ndivyo gari linavyosita. Hewa imeingia nyuma ya sahani, petroli haina habari. Moto unawaka juu ya hewa tupu."

Nikamwambia, "Basi tuutafute mlango wa nyuma." Akajibu, "Kwanza tupime ya mbele, ili nawe uridhike."

Akaanza na pampu, kusudi hasa, nadhani. Aliufungua mpira wa petroli inayorudi tangini, akautia katika chupa ya lita moja, akaiendesha pampu peke yake. Chupa ilijaa kabla ya sekunde 30 kutimia. Akafunga geji: presha ya mtambo ilipita bar 5, na ile ya kutawala kijiti, injini ikiwa moto, ilikuwa karibu bar 3 na nusu. Yote yalikuwa sawa. "Pampu hii si ya bandia," alisema, akinitazama. "Aliyeifunga ameifunga kwa heshima. Hata vibano vya mipira amevitia vipya."

Mwili ulinifa ganzi.

Baadaye akatoa plagi, zile nilizonunua mimi. Ncha zake zilikuwa nyeupe kama chokaa. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyopauka. Nyeusi yenye masizi ni dalili ya petroli kuzidi, na nyeupe kama ile ni dalili ya petroli kupungua. Akaisogeza sahani polepole, akasikiliza. Ilipanda na kushuka bila ya kukwaruza. Basi mizani ilikuwa nzima na mpishi alikuwa mzima. Ulibaki mlango wa nyuma.

MOSHI WA UBANI

Alilofanya baadaye liliwakusanya watoto wa mtaa mzima. Aliuondoa waya wa betri, akaiacha injini ipoe hata ikawa baridi kabisa. Kisha akatoa kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana, lililotiwa vijibomba viwili. Ndani yake akatia makaa na ubani. Kijibomba kimoja akakifunga pampu ya mguu, ile ya kujazia magodoro. Cha pili akakifunga mpira mrefu wa dhiraa nyingi, ili moto ukae mbali na gari, akauingiza mwisho wake katika njia ya hewa ya injini, na mlango wa mbele akauziba kwa kitambaa. Nawausia wasomaji wasilijaribu jambo hili. Petroli na makaa si marafiki, na karakana za leo zina mashine za moshi zisizotumia moto. Lakini mzee alijifunza wakati ambapo mashine hizo hazikuwako, na hadhari yake niliiona kwa macho yangu.

Akakanyaga pampu. Ubani ukajaa ndani ya injini ya marehemu ami yangu, nasi tukasubiri. Hakuna kitu. Hautoki popote.

Nikasema, "Hauna ufa."

Akasema, "Gari lako husita likiwa limetulia?" Akaniachia pampu niendelee kukanyaga, akaushika mtambo wa sahani kwa mikono miwili, akautikisa taratibu, kama injini inavyojitikisa inapokanyagwa ghafla. Hapo moshi ukachomoza chini kabisa, uzi mwembamba wa buluu, ukapotea. Akautikisa tena, ukatoka tena.

Chini ya ile sahani, mahali pasipofika jicho wala mkono bila ya kuung'oa mtambo, mna mpira mnene unaoungana na kilango cha hewa. Alipoung'oa akaniwekea kiganjani. Ulikuwa umekauka kwa joto la miaka. Katika kunjo lake la chini palikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ukiuacha ukatulia, midomo yake hukutana na huoni kitu. Ukiukunja hufunguka. Injini ikiunguruma polepole, ufa umefungika na gari ni tulivu. Ukikanyaga, injini hujitikisa, mtambo hucheza juu ya vipira vyake, ufa hufunguka, na wageni huingia kwa nyuma. Hiyo ndiyo sahani tupu ya Likoni.

Nilimwuliza kwa nini ugonjwa ulianza baada ya pampu. "Haukuanza baada ya pampu," alinijibu. "Ulianza baada ya miaka arubaini. Pampu ilikuwa jirani tu wa siku ile."

Nikamwuliza tena, je, ile skurubu ndogo ya kuongeza petroli, inayofunguliwa kwa ufunguo wa milimita 3, isingaliweza kuliponya gari? Fundi mmoja mwingine alikuwa amenishauri hivyo. Alitikisa kichwa. Kuigeuza skurubu ile kabla ya kuziba ufa, alisema, ni kumwamrisha mpishi apike zaidi kila siku kwa hofu ya wageni wasiojulikana. Gari litaacha kusita kidogo, lakini petroli itateketea, plagi zitaingia masizi, na ufa utaendelea kukua. Kwanza uzibe mlango, ndipo usahihishe kipimo.

RADHI BARAZANI

Mpira mpya uliletwa na mpwa wangu kutoka Dubai, ndani ya mkoba wake, umefungwa katika kanga ya mamake. Bei yake haikufika hata robo ya pesa nilizotupa katika kubahatisha.

Lakini mpira ulikuwa deni dogo. Mimi niliyekaa miaka mbele ya mwalimu wa chuo, nikafunzwa kabla ya kubaleghe kuwa dhana mbaya ni dhambi na kumzulia mtu ni buhutani, nilikuwa nimekula riziki ya kijana kwa ulimi. Na kanuni ya jambo hili hatukuisoma ili tuipambie hotuba: haki ya mtu haitoki kwa istighfari ya pembeni. Humtoka mtu kwa kumwendea mwenyewe.

Nilimwendea. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, mikono misafi, na mikono misafi kwa fundi ni msiba. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ami, mimi nimekusamehe. Lakini walionisikia kwako hawapo hapa." Alisema kweli. Usiku ule nilikwenda naye barazani, saa ile ile, mbele ya watu wale wale, nikasema kwa sauti: pampu ilikuwa nzima, kazi ilikuwa safi, na mwongo nilikuwa mimi. Mwenye kahawa alimmiminia kijana kikombe kabla ya mtu mwingine yeyote. Siwezi kusema kwamba neno la pili limekwenda mbio kama la kwanza. La kwanza lilikuwa na miguu minne, hili lina mmoja. Lakini linakwenda, na wateja wameanza kurudi mmoja mmoja.

Mpira ule hakuufunga mzee. Alimwita kijana aufunge, yeye akakaa kitini akimwelekeza. Nikamwona anamkabidhi geji yake ya zamani, lile kopo la ubani pia, huku akimwonya mara tatu juu ya moto. Huo ndio utamaduni niliousema mwanzoni. Elimu kama ile, fundi asipoipokeza kwa kijana huzikwa naye.

Wenye magari ya namna hii, na bado yapo Mombasa, Malindi hata Lamu, nawausia kwa ufupi. Gari likisita, usianze kununua. Andika kwanza husita lini: baridi, moto, mlimani, au mguu ukikanyaga. Kisha tazama yasiyo na gharama: mipira yote ya hewa, vibano vyake, vipira vya nozeli ambavyo hukakamaa kwa uzee, rangi ya plagi, kifuniko cha distributa na waya zake. Kumbuka na petroli yenyewe. Mchezo wa kuichanganya na mafuta ya taa ulienea hata serikali ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa lita mwaka 2018 ili kuuzuia. Basi ikiwa maradhi yameanza siku uliyojaza tangi mahali pageni, anzia hapo. Halafu pima presha kwa geji. Kununua kipuri huja mwisho. Na kumlaumu mtu kuje baada ya mwisho, kama kuna haja.

Juzi nilivuka tena Likoni, saa ile ile. Mwongozaji akanipungia, nikakanyaga, na gari likapanda taratibu kama maji ya bamvua. Nilimtafuta yule mama katika umati, sikumwona. Kwa hivyo namwomba radhi hapa, akiwa ni msomaji wa ukurasa huu, na kwa wengine nauacha ubeti mmoja:

Usihukumu kwa dhana, kabla hujayachungua,
Ufa uliojibana, huwezi kuutambua,
Nilimshuku kijana, kwa kosa nisolijua,
Pima kwanza, tena sana, ndipo mdomo fungua.

Wassalaam.